Vindege Vinavyopinda Kushoto

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Baba Mdogo mpendwa,

Shikamoo. Najua ukiuona mwandiko wangu unatafuta kiti kwanza, kwa sababu siku hizi siandiki ila kuna jambo. Basi kaa.

Nakuomba uache kumtumia Baba vile vidonge vya moto. Najua duka liko huko kwenu, na ni kaka yako, na amekuomba. Najua pia unadhani unamsaidia mzee kupitisha siku. Lakini mimi ndiye ninayeishi naye. Hapitishi siku, Baba Mdogo. Siku zinampita tu, ameketi.

Ngoja nikueleze, maana wewe unapata barua zake za utani peke yake. Tangu Mwewe apotee na ndege ya jeshi, Baba anatengeneza ndege ile ile, kwa ubao mwepesi na karatasi, ndefu kama mkono wangu kutoka kiwiko hadi vidoleni. Akimaliza moja anaanza nyingine. Chini ya tumbo anafunga kimota cha bati, kinene kama kidole gumba, anatia kidonge na utambi, anawasha. Kikianza kutoa moshi anakishika kwanza, mpaka akisikie kinamsukuma kiganja, ndipo anakiachia. Hukirushi, anasema, unakiruhusu. Hayo yote unayajua. Mwewe alipokuwa mdogo walirusha pamoja kila Jumamosi, na dada mtu nikawa wa kushika kiberiti na kulalamikia jua.

Usilolijua ni hili: vyote vinapinda kushoto. Upande wa kushoto wa uwanja wetu, nyuma ya ghala la saruji, kuna kinamasi. Kila kindege kinainuka vizuri, kinanyooka kidogo, kisha kinalala ubavu na kwenda kule kule kwenye matete. Baba amegeuza mkia. Amebandika kipande cha chuma kwenye bawa la kulia. Bado. Jumamosi nikamwambia, "Baba, ni upepo huo." Akalamba kidole, akakiinua juu. Hapakuwa na upepo wa kutikisa hata ule moshi wenyewe. Akaniambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayekuambia maji yamechemka, "Ananionyesha alipo."

Kisha akavua viatu, akaingia kwenye matete kukifuata.

Nami nikufiche nini? Siku hizi nikiusikia ule moshi unavyotoka kwa sauti nyembamba, mwili unanisisimka. Unafanana na mtu anayevuta pumzi kupitia meno kabla ya kusema jambo. Unakumbuka nani alikuwa na tabia hiyo.

Acha kumtumia.

Mwanao,
Wa Eksirei


Jumanne, tarehe 12 Machi

Bibi Mifupa,

Marahaba mwanangu. Nimekaa, nimesoma, nimesimama, nimekaa tena. Mteja alikuja kuchukua kioo cha dirisha nikampa cha kabati.

Kwanza la vidonge. Nikiacha kutuma, baba yako ataanza kupika baruti jikoni kwako. Unamjua. Mtu aliyeishi ndani ya mashimo ya lifti akining'inia kwa mkanda wa kiunoni haoni hatari ya kitu kinachoingia kwenye sufuria. Bora atumie vya dukani.

Sasa la kushoto. Usiogope, au ogopa kidogo tu. Bawa likigundishwa juu ya ubao usio sawa, linakauka likiwa na mpindo wa ubao ule. Kwa macho huoni kitu. Hewani linaonyesha kila kitu. Geuza mkia upendavyo, bawa litakwenda linakotaka. Na kama vyote vinapinda upande mmoja, basi vyote vimelala kitanda kimoja. Baba yako anajengea juu ya nini? Chukua pimamaji, au hata uzi, uuvute kutoka pembe hadi pembe. Halafu uniambie.

Na asiingie kwenye matete. Mfungie viatu, mfichie suruali, fanya utakalo.

Baba yako mdogo,
Mkata Vioo


Jumatano, tarehe 20 Machi

Baba Mdogo,

Shikamoo. Anajengea juu ya mlango wa chumba cha Mwewe.

Aliung'oa bawabani mwaka jana nikiwa kazini, akaulaza juu ya mapipa mawili pale sebuleni. Nilimuuliza sababu. Alisema meza ilikuwa fupi. Katika nyumba yetu kuna mambo mengi ambayo meza ilikuwa fupi.

Leo alipokwenda kunyolewa nimepima kwa pimamaji na rula, kama ulivyoniagiza. Pembe tatu ziko sawa. Ya nne imeinuka, kidole changu kinapita chini ya rula. Nilirudia, nikageuza rula, nikapima tena. Kidole kikapita.

Niliketi kwenye kitanda cha Mwewe nikacheka peke yangu kama mwehu. Mwaka mzima tunafuata mlango mbovu! Halafu kicheko kikaisha, na chumba kikawa kimya kwa namna nisiyoipenda. Chumba kisicho na mlango kinakutazama, Baba Mdogo. Ukipita koridoni na beseni la nguo unakuta umeongeza mwendo. Wageni wakija nawapitisha jikoni.

Sijamwambia Baba. Niseme nini? "Yule unayemfuata si mwanao, ni mlango"? Jeshi halikumpa mwili wa kuzika. Walimletea barua iliyosema mawingu, na walitafuta, na pole. Hiki cha kushoto ndicho alichobaki nacho. Mimi kazini kila siku nawaonyesha watu walipovunjika, na sisumbuki. Lakini hili linanishinda.

Wa Eksirei


Jumanne, tarehe 2 Aprili

Baba Mdogo,

Yu hai. Naanza na hilo.

Jumamosi nilikuwa zamu, akaenda uwanjani peke yake. Kindege kikaenda kinakokwenda, naye akakifuata mbali kuliko siku zote. Alizama hadi kifuani. Walimtoa wafyatua matofali walioona moshi mweupe wakadhani matete yameshika moto. Walimvuta kwa ubao wa kubebea udongo. Wanasema hakuwa anapiga kelele. Alikuwa amekishika kindege juu ya kichwa kisilowe, anangoja tu, kama mtu aliye kwenye foleni.

Wakamleta hospitali kwenye mkokoteni wa matofali, na aliyekuwa chumba cha picha ni mimi.

Nimewapiga picha watu wengi. Sikuwahi kumpiga mtu aliyenifundisha kutembea. Nilimlaza, nikamvua soksi iliyojaa tope, nikaugeuza mguu. Akasema, "Mikono yako baridi, kama ya mama yako." Nikaenda nyuma ya kioo changu nikamwambia kama ninavyowaambia wote, "Usitikisike." Akanijibu kupitia kipaza sauti, "Sijatikisika tangu siku ile."

Kifundo kimevunjika. Amewekwa plasta. Nilipoishika ile picha kwenye mwanga nililia, na daktari akafikiri nalilia mfupa.

Fanya kitu. Wewe ni mdogo wake, anakusikia.

Mwanao


Jumatatu, tarehe 8 Aprili

Mwanangu,

Pole sana, mpe pole mzee, mwambie nimesema yeye ni mjinga mwenye mvi. Na wewe kunywa maji, kula, lala.

Leo nimemkabidhi dereva wa lori kipande cha kioo kinene, nimekikata mwenyewe, nimekisugua kingo mpaka mtoto anaweza kukilamba. Amekifunga ndani ya godoro na ameapa kwa mama yake. Hakuna kitu kilichonyooka duniani kuliko kioo kile. Hata maji kwenye beseni yana mgongo kidogo, kioo hakina.

Usimwambie chochote kuhusu mlango. Mpe tu, useme ni zawadi yangu ya pole, ili akiwa ameketi na mguu wake asikose pa kufanyia kazi. Atajengea hapo. Kindege kitanyooka. Akiona kinanyooka, jambo litajiishia lenyewe bila mtu kumvunjia heshima.

Nadhani hivyo ndivyo itakavyokuwa.

Baba yako mdogo,
Mkata Vioo


Jumatatu, tarehe 6 Mei

Baba Mdogo, Baba Mdogo, Baba Mdogo!

Shikamoo mara mia. Kioo kilifika bila ufa. Baba alikipitishia kiganja kutoka mwanzo hadi mwisho, akainama akakitazama kwa jicho moja, akasema, "Huyu mdogo wangu anakijua kitu chake." Kisha akaugeukia mlango wa Mwewe. Mwisho akasema, "Basi nisaidie kuuondoa huu." Tukauinua mlango pamoja, yeye kwa gongo moja na mimi mbele, tukauegemeza koridoni.

Amejenga kimoja. Jana nilimpeleka uwanjani kwenye kiti cha magurudumu cha hospitali, usiulize nilikipataje. Akawasha utambi. Nilikuwa nimeshaukunja uso tayari, nikiangalia kushoto. Kikatoka. Kikapanda moja kwa moja, Baba Mdogo, kama kimevutwa kwa kamba! Moto ulipokwisha kikaelea, kikazunguka uwanja wote kwa upole, kikashuka kwenye nyasi karibu na gurudumu la kiti. Nilipiga makofi, nikalia, nikamkumbatia na kumwangusha kofia. Naye alipiga makofi. Alitabasamu.

Tangu jana hajagusa gundi. Anasoma gazeti. Leo asubuhi aliniuliza kazini kunaendaje. Nadhani limeisha. Nadhani amepona.

Mwanao mwenye furaha,
Wa Eksirei


Jumatatu, tarehe 20 Mei

Mdogo wangu,

Kioo chako ni kizuri. Nakushukuru, na nakusamehe.

Usishtuke. Najua kwa nini ulikileta. Binti yangu ni hodari kwa mambo mengi, ila kuficha pimamaji si mojawapo. Aliliacha juu ya kitanda cha kaka yake.

Nimefunga lifti tangu ndevu hazijaniota. Lifti inapanda kati ya reli mbili, na zikikosana kwa unene wa kucha abiria analijua jambo hilo kwa magoti kabla mimi sijalijua kwa kipimo. Mlidhani mimi sikuona mlango umepinda? Niliuona siku ulipopinda. Mwewe alikuwa kwenye umri wa kung'oka meno ya mbele. Alikuwa anaushika vitasa vyote viwili, kimoja kila upande, miguu ameikanyagisha ubao wa chini, anajisukuma kutoka ukutani na kurudi, na injini anaipiga kwa mdomo. Mama yake alimfokea, akaniambia, "Na wewe unatazama tu?" Nilikuwa natazama tu. Nikasema nitaunyoosha Jumapili. Sikuunyoosha Jumapili ile wala nyingine yoyote, na sasa nashukuru.

Nifuate vizuri. Jeshi halikunipa hata kifungo. Mashati yake yamefuliwa, harufu imetoka. Sauti yake naishika kwa shida, naipoteza, naishika tena, na kila mara inakuwa imefanana kidogo na yangu. Lakini uzito wake umo kwenye mlango ule. Umo kweli, unapimika kwa rula, binti ameupima. Kila bawa nililokaushia pale liliubeba. Nilipokiachia kindege, kilipinda kwa sababu yake yeye na si ya mtu mwingine yeyote. Kwa hiyo niliposema ananionyesha, akili yangu ilikuwa timamu. Nilitaka tu kwenda uzito wake unakokwenda. Kwamba kuna tope huko, hilo ni kosa la tope.

Kile cha kwenye kioo kiliruka vizuri kuliko vyote nilivyowahi kutengeneza. Kilizunguka, kikanirudia miguuni. Nilipiga makofi kwa sababu binti alipiga. Kilikuwa kizuri, na ndani hakikuwa na mtu.

Usimwambie haya. Plasta ikitoka nitamweleza mwenyewe, taratibu, tukiwa tumekaa. Kwa sasa mlango uko koridoni. Asubuhi nikipita na magongo naushika ile pembe iliyoinuka, kisha naenda kunawa uso.

Kaka yako,
Fundi Lifti


Alhamisi, tarehe 23 Mei

Baba Mdogo mpendwa,

Shikamoo. Leo nina habari njema, na safari hii wazo lilikuwa langu, si lako.

Tangu uliponiambia habari ya ubao kupinda, nimekuwa nikiwaza: huu mlango utakaa koridoni mpaka lini? Kila asubuhi namwona Baba anausimamia, ameuwekea mkono, na naona anauchukia. Ndio uliotaka kumuua. Jumanne alikwenda kutolewa plasta, wakamlaza hospitali hadi leo kwa mazoezi ya mguu. Nikamwita seremala wa mtaa wa nyuma, yule mwenye sikio moja linalosikia.

Ni fundi haswa. Aliugonga viungo vyote vikaachana, akaunyoosha ubao kwa ubao, akapiga randa, akatia gundi mpya, akaubana hata jana jioni. Leo ameurudisha bawabani. Nilimwekea rula. Baba Mdogo, hata karatasi haipiti! Nikafagia maranda, nikamngoja Baba arudi kutoka hospitali.

Alisimama koridoni na gongo lake. Aliangalia pale ulipokuwa umeegemea, kisha akaangalia mlangoni. Aliusogelea, akaushika kitasa, akaufungua, akaufunga. Akaufungua tena. Akapitisha kiganja pembeni, chini na juu. Nikasema, "Baba, nimekunyooshea." Akasema, "Ahsante, mwanangu." Akanitazama, akasema tena, "Ahsante sana, mwanangu." Halafu akaingia ndani, akaufunga.

Nimepita koridoni mara nyingi leo, polepole, na beseni tupu. Chumba hakinitazami tena.

Mwanao,
Wa Eksirei


Ijumaa, tarehe 31 Mei

Kaka,

Barua zenu mbili zimefika leo kwa pamoja, yako na ya binti. Nimeifungua yako kwanza.

Nimefunga duka. Kioo kilitoka mkononi mwangu, na maneno ya ubao uliopinda yalitoka mdomoni mwangu. Mtoto alifanya lile alilodhani tunalitaka wote. Nimeanza kumwandikia, nimechana. Nimeanza kukuandikia wewe, nimechana pia, hii ndiyo iliyopona.

Kama unataka nije, nitapanda basi kesho. Kama unataka nimweleze, nitamweleza. Kama unataka ninyamaze, niambie.

Mdogo wako


Jumatatu, tarehe 10 Juni

Mdogo wangu,

Nyamaza. Nyamaza sasa, na nikifa nyamaza zaidi.

Nitakuambia ilivyokuwa, kisha tusilirudie. Nilipoufungua mlango ukaja laini, bila kukwama, nilitaka kwenda kumvunja yule seremala kwa gongo, na lile sikio lake lingenisikia. Niligeuka. Binti alikuwa amesimama mwisho wa koridoni ameshika ufagio, maranda yamemshika nywele, ananisoma uso. Mdogo wangu, alikuwa amekonda. Mifupa ya shingo ilikuwa imetoka. Mtu huyu anaishi nami nyumba moja, anapika, ananiogesha mguu, na mimi tangu Mwewe apotee sikuwa nimemtazama. Nilikuwa natazama kushoto. Basi nikasema ahsante. Mara ya kwanza niliisema kwa adabu. Mara ya pili niliisema kweli.

Nilikaa mle ndani mpaka nilipomaliza, na nilichokifanya humo ni changu. Alipobisha nikamfungulia, akaketi kitandani karibu nami. Nikamuuliza, "Zile Jumamosi ulikuwa unachukia sana?" Akasema, "Nilikuwa nangoja zamu yangu." Sikujua, mdogo wangu. Wallahi sikujua. Tulimpa kiberiti tukadhani tumemshirikisha.

Kwa hiyo tumejenga kimoja kwenye kioo chako, na si ndege ya jeshi. Ni kitu alichokichora mwenyewe, mabawa mapana, tumbo kama la samaki, kibaya kwa sura. Jumamosi nilimwekea mkononi, nikauwasha utambi mimi. Moshi ukaanza. Nikamwambia ngoja, ngoja usikie. Akauma midomo. Kisha macho yakamtoka, akasema, "Baba, kinanisukuma!" Nikamwambia kiruhusu. Kilikwenda kama mlevi, kikapiga ghala la saruji, kikavunjika pua. Alicheka mpaka akakaa chini. Sijamsikia akicheka hivyo tangu mama yake alipokuwa hai.

Usidhani kwamba nimepona. Yeye anatumia neno hilo, namwachia. Kuna jambo moja ambalo nitakuambia wewe peke yako. Zamani mlango ule ulikuwa unakwaruza sakafu. Nyumba nzima ilijua Mwewe anapoingia na anapotoka. Hata baada ya kupotea, kabla sijaung'oa, kuna asubuhi niliusikia nikiwa nanyoa ndevu, nikajiambia nyumba inajinyoosha. Sasa umenyooka, haukwaruzi. Akiingia sitajua. Akitoka sitajua.

Siku za kwanza hilo lilinikosesha raha kabisa. Sasa nikipita pale nabisha hodi, kwa kifundo cha kidole, kidogo tu, kisha naenda zangu. Juzi binti alikuwa nyuma yangu na beseni la nguo, akaniona. Nilifika jikoni nikasimama, nikasikiliza.

Alipofika mlangoni, naye akabisha.

Kaka yako,
Fundi Lifti